Balbu Isiyoguswa

Fundi umeme anayeijua kazi yake haanzi na taa. Akiletewa Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ili balbu za dashibodi zibadilishwe kuwa LED, kwanza huchomoa waya wa betri. Kisha hufungua skrubu za dashibodi na kuivuta paneli taratibu, mkono mwingine ukiwa nyuma kulegeza kebo ya spidomita. Soketi huzitoa mojamoja na kuzisugua kwa msasa laini mpaka zing'ae. Mara nyingi mwanga hafifu unaosingiziwa balbu ni kutu tu.

Ndipo zije LED. Balbu ya uzi humwaga mwanga pande zote, na geji nyingi za enzi hizo zilipakwa rangi nyeupe ndani ili kuusambaza. LED ya bei ya kutupa humulika mbele tu: namba chache zinawaka, nyingine zinabaki gizani. Fundi mzuri huchagua ile inayowaka hata ubavuni, akaijaribu giza likishaingia, si saa sita mchana. Rangi nayo ina mambo yake. LED nyeupe kwa kawaida ni ya bluu iliyofunikwa fosfori, na ile bluu haiishi yote. Geji huweza kupata ubaridi wa friji ya duka la dawa. Yeye hutafuta nyeupe yenye umanjano, na nyuma ya kioo chekundu huweka LED nyekundu.

Balbu haijali chanya wala hasi. LED inajali. Ikigoma, kwa kawaida huigeuza tu ikawaka. Lakini kwenye Land Rover za Series II bodi ndiyo chanya, na LED ya kitako cha chuma cha kukazwa kwa kuzungushwa haigeuziki. Huko lazima itafutwe iliyotengenezwa kinyume.

Haya yote hujifunzwa na kijana yeyote mwenye subira. Ninachokistahi zaidi ni anavyoishughulikia taa nyekundu ya chaji. Swichi ikifunguliwa, umeme kidogo hupitia balbu hiyo kwenda kuamsha sumaku ya rota ndani ya altaneta. Balbu ya wati 2.2 hupitisha miliampia 180 hivi. LED hupitisha 10 au 20. Altaneta basi husinzia: injini inaunguruma, betri haipati kitu, mpaka dereva akanyage mafuta kwa nguvu. Wako watu walionunua altaneta mpya kwa kosa la taa.

Kwa hiyo taa hiyo huiacha kama alivyoikuta, na mwenye gari akinung'unika kwamba moja haifanani na nyingine, humweleza bila haraka. Wapo wanaofunga LED hapo pamoja na rezista ya omu 68 ya wati 5 sambamba nayo. Hesabu yao ni sahihi na altaneta huamka. Ila sijaona faida ya kuunganisha vitu viwili, kimojawapo kikipata moto, kufanya kazi ambayo balbu moja ya bei ndogo ilikuwa ikiifanya tangu gari linatoka kiwandani.