Salamu Maria juu ya ngazi: Angelico katika San Marco ya Firenze

Wasomaji wetu wengi, mapadri na waseminari, wamekwisha kuona sanamu ya Malaika Gabrieli akimpasha Bikira Maria habari, kazi ya mfrateri Angelico. Wameiona katika kalenda, katika kitabu cha sala, au kwenye kadi ya ukumbusho wa upadrisho. Sisi nasi tuliijua hivyo tangu Seminari Kubwa. Basi, tulipoitazama pale pale ilipochorwa, katika mji wa Firenze nchini Italia, tulitambua ya kuwa tulikuwa hatujaijua. Twataka kueleza sababu yake, maana jambo hili lagusa makanisa tunayoyajenga kwetu.

Tulikwenda pamoja na rafiki yetu, padri mwenzetu tuliyesoma naye kelasi moja. Yeye yu karibu kumaliza kanisa la parokia yake, na Wakristo wake walikuwa wamemkabidhi feza za mchango ili anunue Ulaya sanamu nzuri ya Bikira Maria kwa altare ya kando. Hakuja kutembea tu, alikuja kuchagua.

Asubuhi tuliingia katika nyumba kubwa ya Uffizi, mahali panapotunzwa kazi nyingi za wachoraji wa kale. Mle ndani zimekusanywa sanamu tatu kubwa za Maria akiketi katika kiti cha enzi pamoja na Mtoto: moja ya Cimabue, moja ya Duccio iliyoagizwa mwaka 1285, na moja ya Giotto. Zote tatu zilitoka makanisani: ya Cimabue katika Santa Trinita, ya Duccio katika Santa Maria Novella, ya Giotto katika Ognissanti. Kwa mwanafunzi ni shule bora, maana aona kwa macho yake jinsi Giotto alivyompa Maria uzito wa mwili: magoti yaonekana chini ya nguo, naye ameketi kweli kweli, kama mama anayempakata mtoto. Lakini hapo hakuna aliyepiga goti. Watu wote walikuwa wakilinganisha, na sisi tukalinganisha pamoja nao. Rafiki yetu akanong'ona: «Padri, hapa Mama amewekwa katika mtihani. Kila apitaye anampa alama.»

Baadaye tulikwenda kwa miguu hadi San Marco. Nyumba hiyo walipewa Wadominiko wa Fiesole mwaka 1436, kwa idhini ya Papa Eugenio IV. Tajiri Cosimo de' Medici alilipa gharama, na Michelozzo akaijenga upya. Mmoja wa mafrateri, Giovanni wa Fiesole, alikuwa mchoraji kabla ya kuvaa kanzu ya Mtakatifu Dominiko. Huyo ndiye watu waliyemwita Angelico, yaani wa kimalaika. Yeye na wasaidizi wake walichora kuta za nyumba hiyo juu ya chokaa ingali mbichi, kazi isiyongoja, kwa kuwa chokaa ikikauka rangi haiingii tena. Alikufa Roma mwaka 1455, na mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri. Tangu mwaka 1869 nyumba ni muzeo ya serikali. Hata hivyo michoro ya ukutani haikuondoka mahali pake, na hilo ndilo lililotusaidia kuielewa.

Mtu akipanda ngazi kwenda kwenye vyumba vya mafrateri, ainuapo uso anakutana na Malaika na Maria. Wameinamiana chini ya baraza yenye nguzo nyembamba. Maria ameketi juu ya kiti kidogo cha mbao kisicho na pambo, mikono yake imepishana kifuani. Upande mmoja kuna bustani yenye ua, na nyuma ya Maria kuna dirisha dogo lenye vyuma. Tulisimama kitambo, kisha tukakumbuka ya kuwa tumekwisha kuiona baraza hiyo: inafanana na ile tuliyoipita huko chini, iliyojengwa na Michelozzo. Na dirisha lile ni kama dirisha la chumba cha mfrateri. Angelico hakumtafutia Maria jumba la kifalme katika nchi ya mbali. Alimkaribisha nyumbani mwao, akamketisha juu ya kiti ambacho ndugu yeyote angeweza kukikalia.

Chini ya sanamu yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomwonya apitaye asiache kusema Salamu Maria. Hapo tuliona kosa letu la miaka mingi. Tulidhani ni sanamu ya kutazamwa, kumbe ni sanamu ya kusalimiwa. Ilichorwa kwa ajili ya watu waliopita hapo kila siku, wakiwa wamechoka, pengine wakiwa na usingizi. Kwenye kalenda huona malaika mzuri tu, lakini juu ya ngazi waulizwa kama umesali.

Vyumba vyenyewe ni zaidi ya 40, na kila kimoja kina mchoro wake karibu na dirisha. Katika chumba cha tatu kuna tena Malaika na Maria, lakini bustani imeondolewa. Umebaki ukuta mweupe na Maria akipiga magoti, na kando Mtakatifu Petro wa Verona akisali. Katika chumba cha saba Bwana Yesu amefungwa macho. Wanaompiga hawaonekani miili yao. Yaonekana mikono tu, na kichwa cha mtu anayetema mate. Chini wameketi Maria na Mtakatifu Dominiko, naye Dominiko asoma kitabu. Wengine watasema huu ni upungufu. Sisi twasema mchoraji alijua anamchorea nani: mfrateri aliye peke yake mbele ya ukuta, ambaye hana haja ya kuona askari wengi, bali afundishwe kutafakari kama Dominiko.

Si kazi zote zilizotugusa sawasawa. Msalaba mkubwa katika chumba cha mkutano una watakatifu wengi mno waliopangwa mstari mmoja, na buluu ya mbingu imedondoka, hata nyuma ya Msalaba imebaki rangi nzito tu. Hapo mafundisho yameizidi sala.

Tulipotoka, tulimwambia rafiki yetu mawazo yetu: ukinunua nakala ya Angelico, umechukua sanamu yake na kuiacha njia yake. Njia yake ni kumpokea Maria katika baraza yetu, juu ya kiti chetu. Yeye hakukubali upesi. Akasema: «Angelico ni wa Kanisa lote, si wa Waitalia tu. Tena fundi aliye kwetu anachonga tembo wa kuuzia wageni. Wakristo wangu wametoa feza kwa jasho. Nikirudi mikono mitupu, niwape maneno?»

Maneno yake yana nguvu, wala hatutaki kuyapuuza. Sanamu mbaya haigeuki takatifu kwa sababu imechongwa na ndugu yetu, na kuvika watu wa Injili mavazi yetu tu hakutoshi. Angelico alikuwa fundi aliyefundishwa vema, tena aliishi na wale aliowachorea na kusali Ofisyo pamoja nao. Lakini wazee husema, mtumaini cha nduguye hufa maskini. Tukinunua daima, fundi wetu atachonga tembo mpaka kufa, kwa kuwa Kanisa halikumwomba kitu kingine. Wadominiko wa San Marco walimpa ndugu yao ukuta, chokaa, na miaka ya kufanya kazi. Sisi tumempa nani ukuta?

Penye meza ya kuuzia nakala, rafiki yetu alishika kubwa moja, akaitazama sana, akairudisha. Alinunua kadi moja ndogo tu, akaitia katika breviari yake. Ndani ya treni alituuliza yachukua miaka mingapi kumfundisha kijana mmoja kuchora vizuri, na nani atamlisha wakati huo. Hatukuwa na jibu. Feza za Wakristo wake zingali katika bahasha, na altare ya kando ingali tupu. Mapadri wenzetu waliokwisha kumpa fundi wa kwao kazi ya namna hii, iwe imefaulu au imeshindwa, twawaomba watuandikie.