Manju na Miguu ya Watazamaji

Mavuno yakishaingia ghalani, uwanja mmoja wa Usukumani huweza kubeba ngoma mbili kwa wakati mmoja. Upande huu wamesimama Wagika, upande ule Wagalu, na kila kundi lina manju wake, ngoma zake na nyimbo zilizotungwa mahususi kwa msimu huo. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wako huru kwenda na kurudi, na jua linapokuchwa kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Masimulizi huyarudisha mashindano haya kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa uchezaji. Na hata baadaye dawa ya kuvuta watu, samba, iliendelea kutajwa kwa heshima na kwa hofu. Msomaji wa mwambao asiharakishe kucheka. Babu zake waligawanyika kati ya Marini na Arinoti kwa ari ileile.

Jambo linalostahili kutazamwa katika mila hiyo ni namna ya kumtuza msanii. Mtazamaji anayehama hutoa hukumu, tena huitoa wimbo ukiwa bado mdomoni mwa mwimbaji. Manju huona mduara ukipungua, naye hana budi kubadili ubeti, kuongeza kejeli au kumwashiria mpiga ngoma aharakishe. Hapo ndipo Shinyanga na Unguja zinapokutana. Katika taarabu, mtu huinuka kitini, akasogea kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji na kumtunza kwa sababu ubeti ule, si mwingine, umemgusa. Noti mkononi ni ndogo. Kubwa ni kwamba ameinuka.

Sasa tuitazame bugobogobo, ngoma ya jembe. Asili yake ni kazi: vijana walilima pamoja shamba la mtu, mapigo ya ngoma yakiyapanga majembe yapande na kushuka kwa pamoja. Aliyepiga ngoma alikuwa mfanyakazi kama wengine, kwani akikosea yeye mstari mzima wa wakulima huvurugika. Leo ngoma hiyo huchezwa mbali na shamba. Imefundishwa Bagamoyo, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na huchezwa kwenye hafla za kila aina, kuanzia Kahama hadi Geita, majembe yakirushwa juu na kudakwa pasipo tuta hata moja la kulimwa. Hilo si kosa. Kila taifa huigiza jana yake. Huko Berkeley, California, mwaka 1966 walianzisha chama cha kuigiza maisha ya Ulaya ya karne za kati, na chama hicho huwapa vyeo waliobobea katika sanaa za enzi hizo, muziki ukiwa mojawapo. Watu wanaoigiza ufalme wamekumbuka kwamba ufalme ulikuwa na waimbaji wake, na kwamba waimbaji wake walitambuliwa.

Kwenye hafla nyingi za kwetu kinachoigizwa ni jembe peke yake. Wachezaji huitwa "kikundi cha ngoma ya asili", hupewa dakika chache wakati mgeni rasmi akisubiriwa, na gari lake likionekana spika hufunguliwa kwa wimbo wa kurekodiwa, huku mpiga ngoma akiwa hajamaliza mzunguko wake. Baadaye kikundi hushukuriwa, kwa adabu kabisa, bila kutajwa aliyetunga wala aliyepiga. Watazamaji nao wamepangwa katika viti chini ya turubai. Wakichoshwa hawana pa kuhamia. Wakifurahishwa wamebaki na makofi, ambayo hata hotuba hupigiwa. Katika ngoma ya wigashe waimbaji ndio hukaa, na jina lenyewe latokana na kukaa huko. Siku hizi tumewakalisha wasikilizaji.

Ni haki pia kusema kwamba umati si hakimu asiye na doa. Kutafuta watu kuliwafanya mamanju walete uwanjani chatu, nungunungu hai na vinyago vya mbao vyenye viungo vinavyochezeshwa. Mtunzi hodari mwenye sauti ya chini aliweza kushindwa na nyoka. Yapo mashairi ambayo hayakusikika vizuri kwa sababu watu walikimbilia upande wa pili kutazama kioja, na hasara hiyo haihesabiki. Hata hivyo, aliyeshindwa kwa njia hiyo alijulikana kwa jina, na msimu uliofuata alirudi na jibu.

Jina ndilo linalouma zaidi. Watunzi wa tenzi wa mwambao aghalabu walijitaja mwishoni mwa kazi zao, na wengine wakaandika mwaka na hesabu ya beti. Manju wa Kisukuma naye hujitaja ndani ya wimbo, pamoja na mzazi na kijiji chake. Mtafiti Frank Gunderson aliyajali hayo katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, chenye nyimbo zaidi ya 300: jina la mwimbaji humo ni sehemu ya wimbo, halikutupwa kama makapi. Inafedhehesha kidogo kwamba kitabu hicho ni cha Kiingereza, na kwamba msomaji wa Kiswahili hana tafsiri yake ya kumwezesha kuwalinganisha watunzi hao na akina Muyaka.

Mwambao haumjui Siti binti Saad kwa jina la "kikundi cha taarabu ya asili". Santuri zake za Bombay za mwaka 1928 zilibeba jina lake, na watu waliuliza jina hilo dukani.

Kule Bujora, jirani na Mwanza, ambako Padri David Clement aliasisi makumbusho ya Wasukuma, sikukuu ya Bulabo bado huwakutanisha Wagika na Wagalu kila mwaka, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi. Watu husimama juani, na wakitaka huhama. Waandaaji wa hafla za Shinyanga na Geita hawana haja ya kwenda mbali kujifunza. Wapunguze safu mbili za viti, wamwombe manju jina lake kabla hajaanza, na spika isubiri hadi ngoma ya mwisho ilie.