AICC: Nyumba ya Watatu, Majina ya Mmoja

Sisi wapenzi wa vitabu tunajua kusoma riwaya na mashairi, lakini majengo tunayapita tu. Leo naomba tulisome moja, maana limenikaa kichwani muda mrefu: AICC, kile Kituo cha Mikutano cha Kimataifa katikati ya Jiji la Arusha.

Anzia Mnara wa Saa. Ni mnara mdogo tu, lakini kila mgeni anataka kupigwa picha hapo kwa sababu ameambiwa ndiyo nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Hadithi ya mkoloni hiyo, aliyeiona Afrika kama barabara yake. Sasa panda Barabara ya Boma. Mbele yako kuna boma la Wajerumani la mwaka 1900, siku hizi ni makumbusho. AICC iko jirani hapo nyuma, na juu ya vyote, mawingu yakiruhusu, Mlima Meru.

Kusema kweli, si jengo la kukupendeza mara ya kwanza. Ni saruji na madirisha, na Meru analifanya lionekane dogo. Lakini lina wazo, jambo ambalo maghorofa mengi ya vioo hayana. Lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mwaka 1967 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Lina mabawa matatu, na mimi nayasoma hivi: nchi tatu, kila moja na ofisi zake, ila zote nyumba moja.

Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata nyumba ikageuzwa kituo cha mikutano. Leo mabawa yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Majina mazuri, sibishi. Lakini yote ni ya Tanzania, tena yale yale ya vipeperushi vya watalii. Umbo linasema watatu, majina yanasema mmoja. Ni sawa na kitabu kilichobadilishwa jina huku sura za ndani zikiachwa vile vile.

Utaniambia: jamani, jina ni jina tu. Haya, sikiliza. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa 1999, sekretarieti yake ilikaa AICC mpaka makao mapya yalipozinduliwa Novemba 2012. Yaani ilirudi kama mpangaji katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake!

Na kuna zito zaidi. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini hapa Arusha. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari. Kisha Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ikawekwa AICC, na tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari. Mashahidi wengi waliitwa kwa herufi tu, ili majina yao yasijulikane na wasije wakadhurika.

Miaka hiyo nilikuwa kijana. Mjomba alinituma nipeleke bahasha kwenye ofisi moja humo. Nilipotea kwenye korido, nikacheka mwenyewe, nikaipata ofisi, nikarudi nyumbani nikiwaza chai. Sikujua kwamba ndani ya nyumba ile ile mtu alikuwa anaweza kuwa anasimulia jinsi alivyowapoteza wanawe. Mpaka leo nikipita pale naiona aibu ya kicheko kile.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama jengo, AICC imetimiza kazi: imebeba jumuiya iliyokufa, mahakama na jumuiya iliyofufuka, na bado imesimama. Kama maandishi, ina kasoro, kwa sababu inamtajia msomaji mbuga na milima, haimtajii watu. Sidai Kilimanjaro ifutwe. Nadai majina ya vyumba na kumbi yaongezwe: Kampala, Nairobi, Kigali. Kijana anayetumwa na bahasha leo ayasome njiani, auliza kwa nini yako pale, na apate mtu wa kumjibu.

Ukifika Arusha, piga picha yako Mnara wa Saa, sawa. Halafu panda Barabara ya Boma. Dakika chache tu kwa miguu.