Injini Mwisho: Jinsi Land Rover 109 Ilivyorudishwa Barabarani

Gari linalochambuliwa hapa ni Land Rover 109 Series III, station wagon ya milango mitano, toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970. Lililala nyuma ya nyumba kwa miaka, tairi zimeoza, kuku wanatagia kwenye viti. Likavutwa hadi gereji moja ya Unga Limited, Arusha, na leo linatembea. Magari ya namna hii yakifufuliwa, swali la kwanza la watu ni moja: limefungwa injini gani? Swali hilo limemaliza 109 nyingi. Mwenye gari akipata hela kidogo ananunua injini, inapandishwa, gari linaunguruma, majirani wanashangilia. Msimu mmoja wa mvua ukipita chesi inakatika, na ile injini nzuri inauzwa kulipa madeni ya gereji.

Safari hii kazi ilipangwa kinyume. Siku gari lilipofika, fundi mkuu alimwambia mwenye mali: "Mzee, injini tutaifunga mwisho. Tukiifunga sasa utakuja kuliwasha kila Jumamosi, na chesi haitaisha." Mzee alinuna kidogo, akakubali.

Namba 109 ni umbali wa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Umbali huo wote umebebwa na boriti mbili, na kila boriti si chuma kimoja, ni mabati manne mazito yaliyochomelewa kingo kwa kingo yakawa boksi lenye uwazi ndani. Kampuni ya Rover ilibuni hivyo Land Rover ya kwanza ilipozaliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgao. Kuchomelea mabati kulihitaji mitambo michache kuliko kukandamiza chuma, na kwa sababu hiyohiyo ya uhaba bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu, na sifa hiyo imewaponza wanunuzi wengi. Unaiona bodi imenyooka, unalipa, kumbe boriti zinaliwa kwa ndani. Tope huingia kwenye matundu ya chesi, hukaa humo na unyevu wake hata mvua zikishakatika. Kutu ikitoboa hadi nje, ujue ndani ilishamaliza kazi.

Bodi ilipofunguliwa (kwa Land Rover ni suala la bolti na uvumilivu), chesi ilikwanguliwa, kisha fundi akaizungukia na nyundo ndogo, anagonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia kwa ukali. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, fupi. Palipolia vibaya palichorwa chaki. Chaki ilijaa sehemu tatu: boriti ya kukingama ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushikilia ukuta wa mbele wa gari, na mahali springi za nyuma zinapofungwa.

Kilichonifurahisha ni kwamba hakuna aliyeshika grenda siku hiyo. Chesi iliwekwa juu ya stendi nne, ikasawazishwa kwa pimamaji, ikapimwa kwa utepe kutoka pembe hadi pembe: mbele kulia hadi nyuma kushoto, mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili hivyo vikilingana chesi imenyooka. Baada ya hapo vikachomelewa vyuma vya muda kuzishikilia boriti zisihame, ndipo kipande kimoja kikakatwa na kuwekwa kipya kabla ya kugusa kingine. Moto wa kuchomelea huvuta chuma kinapopoa. Ukikata pande zote mbili kwa mpigo, gari litakuja kwenda upandeupande kama kaa, na hakuna mtu wa kupima magurudumu atakayelinyoosha.

Lilikuwepo wazo la kuizamisha chesi yote kwenye zinki. Ni kinga bora kuliko rangi yoyote, ila ina masharti. Zinki iliyoyeyuka huwa na joto la nyuzi karibu 450 za Selsiasi. Boksi lisilo na tundu la kutolea hewa linaweza kulipuka humo, na viraka vilivyopandana hunasa asidi ya kusafishia, ambayo baadaye hula chuma taratibu. Kwa chesi yenye viraka vingi, naona uamuzi wa kutumia rangi ya msingi yenye zinki ulikuwa sahihi. Nisichokubaliana nacho ni kilichomiminwa ndani ya boriti: oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni desturi ya gereji zetu na ni ya bure, lakini oili hiyo hulainisha raba za springi, hunasa vumbi, na imeshabeba uchafu wenye asidi. Nta ya kupuliza ingegharimu hela, lakini ingekaa. Mzee alimsikiliza fundi, si mimi.

Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni wa chuma na ndio wa pili kwa kuoza baada ya chesi. Chini ya kioo cha mbele kuna vile vidirisha viwili vya bati vya kuingizia upepo, ambavyo kwa gari hili ndivyo kiyoyozi pekee. Raba zake zikifa, maji huteremka hadi pale unapokanyaga klachi. Sakafu za miguu zote mbili zilikatwa zikawekwa mpya. Jambo la kuangalia zaidi lilikuwa pale chuma kinapogusana na alumini. Metali hizi mbili zikikutana na maji katikati, mkondo mdogo wa umeme hupita na alumini ndiyo inayolika, ikiacha unga mweupe chini ya rangi. Mafundi wa rangi wengi hukwangua unga huo, hupiga puti, na baada ya mwaka malengelenge yanarudi palepale. Hapa kila mgusano ulipakwa rangi ya msingi pande zote mbili, ukatiwa utepe wa raba, ndipo ukafungwa. Kazi ya kuchosha, na hakuna atakayeiona.

Springi za 109 ni vyuma bapa vilivyopandana, na kuzitoa ni vita. Bushi yake ni raba iliyobanwa kati ya mirija miwili ya chuma; bolti hupita kwenye mrija wa ndani, na baada ya miaka mingi viwili hivyo hushikana vikawa kitu kimoja. Bolti zilikatwa kwa grenda kushoto na kulia, raba zikachomwa kwa gesi kwa moshi mweusi uliofunga mtaa, mrija wa nje ukapasuliwa kwa msumeno wa chuma taratibu ili usile chesi. Kufunga mpya ni rahisi, na ndipo watu wanapoharibu. Bolti ya springi haikazwi gari likiwa juu ya stendi. Ikishakazwa, mrija wa ndani hauzunguki tena, na kila springi inapojikunja ni raba inayojisokota. Ukikaza magurudumu yananing'inia kisha ukalishusha gari, raba inabaki imesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na haitachukua muda kupasuka. Fundi alizikaza kwa mkono, akalishusha, akalitikisa huku na huku, ndipo akaingia chini na spana.

Kwenye usukani kuna kifaa kimoja kinachostahili tahadhari. Ndani ya boriti ya kukingama ya mbele limezama boksi dogo la mviringo linalohamisha mwendo wa stelingi kwenda magurudumuni, na ndani yake kuna springi kali iliyokandamizwa. Ukilifungua kizembe inaruka kwa nguvu ya kumtoboa mtu jicho. Hapa lilifunguliwa likiwa limefungwa ndani ya gunia. Vichwa vya mviringo vya ekseli ya mbele vilikuwa vimeliwa vishimo na vumbi, vikabadilishwa pamoja na sili zake, na badala ya oili namba 90 ndani yake ikatiwa grisi laini. Breki zilibaki za drami magurudumu yote manne. Zikirekebishwa vizuri zinalitosha gari la mwendo huu, ingawa kutoa hewa kwenye breki za mbele za 109, zenye silinda mbili kila gurudumu, kulikula siku nzima na matusi mengi.

Sasa injini. Iliyotoka kiwandani ni ya petroli, sisi 2,286, nguvu za farasi karibu 70, na msokoto wa takriban niutoni-mita 160. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kuiangalia, kwa sababu giaboksi, propela na shafti za ekseli vyote vilipimwa kwa msokoto wa kiasi hicho. Mezani zilikuwepo injini tatu. Ya kwanza 300Tdi ya Land Rover wenyewe, sisi 2,495 yenye tabo: niutoni-mita 265. Ya pili 1HZ ya Toyota, silinda sita, sisi 4,164, injini inayobeba watalii Serengeti kila siku: 285. Ya tatu 3L, dizeli ya Hiace na Hilux, sisi 2,779 bila tabo: kama 190. Mzee aliitaka 1HZ. Nani asiyeitaka?

Hesabu ilimkatalia. Msokoto ukiuongeza kwa zaidi ya nusu, udhaifu hauondoki, unahama. Giaboksi ya Series III ndiyo itakayoanza, kisha shafti za ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma ya 109, ile ya Salisbury, ingevumilia, ila haifanyi kazi peke yake. Wapo wanaotoa mfano wa Australia, ambako miaka ya 1980 Land Rover ziliuzwa na injini ya Isuzu ya lita 3.9. Ni kweli, lakini giaboksi nayo ilibadilishwa ikafungwa nzito zaidi. Anayesimulia nusu ya kwanza peke yake anakuuzia hasara.

Ikafungwa 3L. Haina kompyuta, nozeli na pampu yake kila fundi wa daladala anazijua, na spea hazitafutwi mbali. Kazi kubwa ilikuwa sahani ya kuunganishia injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover, iliyokerezwa kwenye mashine ya mtaani. Ncha ya shafti ya giaboksi huingia katika bushi ndogo ya shaba katikati ya flaiwili, na vitovu vya pande mbili lazima viwe kwenye mstari mmoja, kosa lisizidi kama sehemu ya kumi ya milimita. Likipita hapo klachi inatetemeka, bushi inalika, beringi ya mbele ya giaboksi inafuata, na lawama inapelekwa kwa "giaboksi mbovu ya Mwingereza". Geji ya mshale ilifungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa kwa mkono, sahani ikasogezwa hadi mshale ulipotulia, ndipo pini za kushikilia zikatobolewa mahali pake. Zikishapigwa pini, hata giaboksi ikishushwa miaka ijayo itarudi palepale.

Jambo jingine lilikaribia kusahaulika. Gari la petroli huvuta hewa ya kusaidia breki kutoka kwenye manifoldi. Dizeli haina mvuto huo. Toyota walitatua hili kwa kuweka pampu ndogo mgongoni mwa jenereta ya kuchaji betri, nayo hulainishwa na oili ya injini kupitia mipira miwili. Wauza injini za mtumba huziuza jenereta hizo kando, wakakupa nyingine isiyo na pampu. Gari litawaka na kutembea vizuri tu, mpaka ufike mteremkoni ukakute pedali ngumu.

Tairi ni 7.50R16, saizi ileile ya zamani. Mzee alitamani pana na ndefu zaidi, akakataliwa, na hapa nipo na fundi kwa asilimia zote. Tairi kubwa hugeuza gia zote kuwa nzito na kuzisulubu shafti zilezile tulizozikwepea 1HZ. Isitoshe saizi hii inapatikana kirahisi, kwa kuwa Land Cruiser nyingi za utalii huitumia. Rimu hazibadilishani, lakini tairi ni ileile.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Ngare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai. Kwenye vumbi zito kitufe cha njano kilibonyezwa chini na ekseli ya mbele ikashika. Kwenye korongo la mchanga gari lilisimamishwa, mkono mwekundu ukavutwa nyuma, likatoka kwa gia ndogo bila kelele za ushujaa, tairi zikiwa zimepunguzwa upepo. Gari hili halina difu ya katikati, hivyo kitufe hicho lazima kiachiliwe lami ikianza, la sivyo ekseli mbili zinapigana na kinachoshindwa huwa ghali. Mwendo wa raha ni kilomita 70 kwa saa. Ukizidisha hamsikilizani.

Waliporudi, nati za yubolti za springi zilikuwa zimelegea, jambo la kawaida kwa springi mpya, zikakazwa upya. Sasa mzee anatafuta ovadraivu ya Fairey, ile inayofungwa nyuma ya transfa na kupunguza mizunguko ya injini kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kwa mara ya kwanza anataka kitu ambacho gari lenyewe linakihitaji. Dizeli ya 3L haipendi mizunguko ya juu, na gia za 109 ni fupi. Fundi amekubali, kwa sharti kwamba isitumike anapopanda mlima na mzigo.