Nidhamu ya Ithembo: Jinsi Wakamba Walivyokutana Kuomba Mvua

Julius Caesar, katika kitabu cha sita cha habari za vita vyake vya Galia, aliandika kwamba makuhani waitwao druidi walikutana kila mwaka, kwa wakati maalumu, mahali patakatifu katika nchi ya Wakarnute, wakahukumu mashauri ya watu. Na huenda msomaji akadhani kwamba ibada ya wazee chini ya miti mikongwe ni urithi wa Ulaya peke yake. Msomaji wa Kitui au Makueni hana haja ya kwenda mbali hivyo, kwa maana ithembo, kichaka cha muumo au mkuyu ambamo shoka lilikatazwa kuingia, lilikuwa na mkutano wake, wenye taratibu zinazostahili kuchambuliwa kwa makini.

Ukambani hupata mvua mara mbili: ya uua, kuanzia Machi, na ya nthwa, kuanzia Oktoba, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la mkulima wa huko. Mkutano haukufungwa kwa tarehe bali kwa haja. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969, ataja dhabihu za wakati wa kupanda, za kabla ya mazao kuiva, za mavuno, za kutakasa kijiji baada ya maradhi, na zaidi ya zote zile za mvua iliyochelewa. Naona busara kubwa hapa, kwani miadi isiyosikiliza mawingu ingewakusanya watu siku ya neema na kuwaacha majumbani siku ya dhiki.

Lakini ufundi wenyewe, kwa rai yangu, umo katika mgawanyo wa mamlaka. Mwanamume alipanda daraja kwa umri na kwa malipo ya mifugo na pombe, akapitia baraza la nzama lililoamua kesi, na wachache tu, tena wazee sana, walifikia daraja ya atumia ma ithembo, waliokabidhiwa ibada pamoja na wanawake wazee. Hata hao hawakujiamulia kila jambo. Katika kilumi, ngoma ambayo wanawake ndio nguzo yake, mchezaji aliyepandwa na aimu, yaani roho za wahenga, alitamka dhabihu inayotakiwa. Ndipo wazee wakatafuta mbuzi, kondoo au ng'ombe wa rangi moja, wakachinja, wakamwomba Mulungu, yaani Mungu, na maziwa, nafaka na pombe vikawekwa penye shina la mti. Basi aliyeagiza siye aliyechinja, na aliyechinja hakuweza kudai kwamba agizo ni lake. Na kwa mpango huo hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuifanya mvua kuwa milki yake.

Marufuku ya kukata miti yalihifadhi pia kivuli, ndege na mbegu za miti ya asili katika nchi kavu, faida ambayo bila shaka haikuwa ndiyo nia ya kwanza.

Mwaka 1895 shirika la Kikristo la Africa Inland Mission lilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, na kadiri dini mpya ilivyoenea ndivyo wengi walivyoacha njia ya ithembo. Silaumu imani ya mtu. Nasikitikia vichaka vilivyokosa walinzi, vikageuzwa makaa na mashamba, ilhali huko pwani kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zimetiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2008.

Sheria haikosekani: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 63, yahesabu mahali pa ibada panapomilikiwa na jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni na ziyapime mathembo (wingi wa ithembo) yaliyosalia, ziyaandikishe kwa jina la jamii, na ziwaulize wazee mipaka yake wangali hai.