Gesti Iliyoligeuzia Ziwa Mgongo

Mfugaji wa Biliqo, kule kaunti ya Isiolo, anapotafuta pa kuhamishia boma hahitaji ushauri wa mtu wa mjini. Atauliza maji yako wapi na yana chumvi kiasi gani, upepo wa usiku unatokea upande upi, na mvua ikipiga milimani mafuriko yatapitia wapi. Mandhari hayamo katika maswali yake. Lakini mtu huyohuyo, au mwanawe aliye mwalimu au mfanyabiashara Isiolo, akipata likizo fupi na kutamani kwenda kuvua, huyaweka maarifa hayo kando na kulipia chumba kwa sababu tu dirisha lake linatazama maji. Ewaso Nyiro una kambare wake, ila mto unaokatika kiangazi kikirefuka haufai kupangiwa safari. Hivyo jicho huelekea Ziwa Turkana, kwenye mji mdogo wa Loiyangalani, ufuo wa mashariki. Huko hakuna jina la kampuni kubwa ukutani la kumdhamini mgeni. Lazima apime mwenyewe. Nami nashikilia kwamba gesti bora ya mvuvi ni ile ambayo mwenyewe aliijenga akilichukulia ziwa kuwa jirani mkorofi, na dalili yake ya kwanza ni kuwa imesimama mbali na maji, pengine hata ikiwa imeyageuzia mgongo.

Umbali huo si woga. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mvua za 2019 na 2020 ziliyapandisha kiasi kwamba mwaka 2021 serikali ilitoa ripoti nzima kuhusu jambo hilo. Kule Baringo, hoteli zilizosifiwa kwa kuwa ukingoni kabisa ndizo zilizovamiwa na maji mwanzo. Turkana nako, kijiji cha Waelmolo cha Komote, kaskazini kidogo mwa Loiyangalani, kilizungukwa na maji kikageuka kisiwa, na bomba lililowaletea maji matamu likazama. Waelmolo wamekaa na ziwa hilo kwa vizazi na bado limewashtukiza. Mwekezaji aliyepiga kambi mita chache kutoka kwenye povu ana uhakika gani? Kwa hiyo ukifika, usianze na kitanda. Tazama kama kuna miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, kisha umuulize mwenye gesti ufuo ulikuwa wapi miaka kumi iliyopita. Anayekuonyesha kwa kidole, bila kusita, anaijua ardhi yake. Halafu uliza shimo la choo liko wapi. Swali hili halina adabu sana kwa mgeni aliyefika sasa hivi, lakini shimo lililochimbwa karibu na maji hujaa kwa chini ziwa linapopanda, na hapo harufu ndiyo itakayokujibu. Mamba sitawazungumzia kwa urefu: ziwa hilo linao wengi sana, na njia ya kwenda msalani usiku haipaswi kupita karibu nao.

Upepo ndio mtihani mkubwa zaidi, na ndio unaowashinda wajenzi wengi. Loiyangalani iko chini ya Mlima Kulal, wenye urefu wa mita 2,285, na upepo unaotoka mashariki hushuka hapo usiku kwa nguvu ya kung'oa mabati. Si maneno ya kutia chumvi: kusini kidogo, pale Sarima, imesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo wenye uwezo wa megawati 310, na hakuna anayemwaga mabilioni ya shilingi mahali penye upepo wa kubahatisha. Sasa fikiria chumba chenye mlango na dirisha pana upande wa mlima. Usiku kucha kitapiga kelele, na asubuhi shuka litakuwa na mchanga. Chumba kizuri kina ukuta mzito upande wa mashariki, mlango ubavuni, na matundu madogo ya kupitisha hewa juu karibu na paa, kwa kuwa joto la huko halivumiliki katika chumba kilichozibwa. Shika bati la paa, au mwombe kijana wa gesti alitikise. Likicheza mchana, usiku litaimba. Ndiyo maana vibanda vya kuba vilivyosukwa kwa makuti ya mkoma, ambavyo mgeni hudhani ni vya bei rahisi kwa sababu ni duni, mara nyingi hulalika kuliko chumba cha mawe chenye paa la mabati. Upepo huteleza juu ya kuba, na unaopenya kwenye makuti huingia umepunguzwa makali.

Upepo huohuo unapima pia uaminifu wa mwenye nyumba. Kwa kuwa unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, mashua iliyozimika injini hairudishwi ufuoni, inasukumwa mbali. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini ziwani humo na hawakuonekana tena. Upepo huvuma sana usiku hadi asubuhi, kisha hulegea mchana. Basi mwenye gesti anayekuahidi mashua saa kumi na mbili asubuhi ili kukufurahisha anauza roho yako pamoja na chumba. Anayekwambia, "Ngoja kwanza, tuone upepo," huku ukinung'unika na ndoano mkononi, mlipe bila kubishana bei. Anayekuuliza kama umekata leseni ya uvuvi naye ni wa kuaminika.

Maji ya ziwa ni ya magadi. Ukiyanawa, mkono huteleza kana kwamba sabuni haijatoka hata baada ya kusuuza. Mji wenyewe uko pale kwa sababu ya chemchemi za maji matamu zinazonywesha mikoma, na tofauti kati ya gesti mbili zinazofanana rangi huwa ni hii tu: moja inavuta maji ya chemchemi, nyingine inachanganya. Agiza chai ya strungi. Maziwa huficha mengi, strungi haifichi kitu. Tazama na bomba la bafuni. Likiwa na ukoko mweupe mdomoni, umepata jibu kabla ya kuoga.

Wapo watakaosema: nimesafiri mwendo wote huo kwa ajili ya ziwa, mbona nilale nimeligeuzia kisogo? Lakini mvuvi hulitazama ziwa akiwa macho. Kiti ufuoni saa kumi na moja jioni hakilipiwi, na kinampa mandhari yaleyale aliyotaka kuyalipia akiwa amefumba macho. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Loiyangalani hakuna gesti nyingi, na ujuzi wa kuchagua ni anasa ya mwenye vingi vya kuchagua. Hapo kuna ukweli, hasa wakati wa tamasha la tamaduni la Ziwa Turkana, ambapo utashukuru kupata hata mkeka. Siku za kawaida, hata hivyo, ndani ya ua mmoja vyumba havifanani: kimoja kimekingwa na jiko, kingine kinapokea upepo wote. Wachache hukumbuka kuomba kuonyeshwa vyote. Atakayesema kanuni hii ni ya Turkana peke yake aende Naivasha, ambako hakuna upepo wa Kulal, lakini viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, na aliyejenga karibu mno hulazimika kumfungia mgeni wake ndani.

Jiko nalitaja mwisho, ingawa kwa Mwislamu wa Biliqo huenda likaja mwanzo. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo nusu ya wasiwasi imekwisha. Iliyobaki ni kikaango na mafuta yaliyotumiwa kabla yake, na gesti inayotegemea mauzo ya bia haitakuwa na usingizi wala jibu la wazi. Kisha ulizia friza. Mbuta mmoja mkubwa hushinda familia, na ukitaka kumpeleka nyumbani, kutoka eneo la Sarima hadi lami ya Laisamis kuna zaidi ya kilomita 200 za njia ya kokoto kabla hujashika barabara ya kushuka Archer's Post. Friza ya sola isiyo na betri za kutosha hugandisha mchana na kuyeyusha usiku. Weka chupa ya maji humo jioni ya kwanza, uiangalie alfajiri. Ikiwa bado ni maji, pasua samaki wako, mpake chumvi na umwanike siku hiyohiyo, maana upepo uliokunyima usingizi unamkausha upesi.