Programu za Dini na Siri za Watu

Katika mambo aliyoyaharimisha Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, na ambayo watu wengi huyaona madogo, ni upelelezi, yaani mtu kuchungua aibu na siri za mwenziwe. Makatazo haya yamo katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, pamoja na makatazo ya kusengenya, na watoto wetu husomeshwa chuoni. Siku hizi upelelezi huo umeingia ndani ya simu ya mkononi, na mara nyengine umevishwa kanzu ya dini. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Tuanze na sisi wenyewe. Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, iliyotengenezwa na kampuni ya Singapore, inayomwonyesha mtu nyakati za Sala na upande wa Kibla. Manufaa yake hayakanushiki, na wengi waliitia katika simu zao kwa nia njema. Mwezi wa Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani lilifichua kuwa programu hiyo, iliyokwisha kuchukuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali alipo mwenye simu kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kukusanya habari kama hizo na kuziuza, na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba wao waliliuzia jeshi, wakasema wamekata uhusiano na X-Mode. Kauli yao twaipokea, lakini haikugusa shina la jambo. Muumini alitoa habari za mahali alipo ili apate kusali kwa wakati, nazo zikaishia mikononi mwa mfanyabiashara asiyemjua.

Namna inavyofanyika ni hivi. Mtengenezaji hupachika ndani ya programu yake kipande cha programu ya kampuni nyengine. Kipande hicho hupeleka habari kwa bwana wake kila simu inapohama, na mtengenezaji hulipwa. Mwenye simu haoni kitu. Hata jina lake lisipoandikwa, simu ilalayo nyumba moja kila usiku na kwenda msikiti mmoja kila Ijumaa, mwenyewe si mgumu kujulikana.

Je, programu ya Sala yahitaji kujua yote hayo? Nyakati za Sala hufuata jua. Lamu iko mashariki ya Mombasa kwa kadiri ya digrii moja na robo, na kwa hivyo adhuhuri huingia Lamu kiasi cha dakika 5 kabla ya Mombasa. Kwa hesabu hiyo latosha jina la mji. Hapana haja ya kujua mtaa, wala nyumba, wala saa uliyotoka. Ama Kibla, wazee wetu wa pwani hii waliuita upande wa kaskazini kibla, kwani Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu, na hilo walilijua kabla ya kuja simu. Basi kilichochukuliwa zaidi ya jina la mji kilichukuliwa kwa haja ya biashara, Sala haikuwamo.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya wafanyabiashara peke yao. Mwezi wa Machi 2023 gazeti la Washington Post lilieleza habari za jamaa wa Kikatoliki wa Denver, katika jimbo la Colorado, waliotumia si chini ya dola milioni 4 kununua habari zilizotoka katika programu za kutafutia wapenzi, hasa za wanaume wanaotafutana wao kwa wao, ili wawajue mapadri wanaozitumia. Kisha wakawapelekea maaskofu. Walisema nia yao ni kulisaidia Kanisa. Tusiwacheke, maana hata kwetu wako watakaoipenda hoja hiyo, wakaita kazi hiyo kuamrisha mema na kukataza maovu.

Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa zamani. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, radhiyallahu anhu, alipokuwa akizunguka Madina usiku alisikia sauti ya maasi ndani ya nyumba, akapanda ukuta akaingia. Mwenye nyumba akamwambia: ikiwa mimi nimemuasi Mungu kwa jambo moja, wewe umemuasi kwa matatu. Umepeleleza, umeingia kwa ukutani ukauacha mlango, na umeingia bila ya idhini wala salamu. Khalifa wa Waislamu hakuwa na jawabu. Alimsamehe, akatoka. Maasi ya yule mtu hayakuwa halali kwa hayo. Lakini upelelezi nao haukuhalalika kwa kuwa umemgundua mwenye maasi.

Serikali zimeanza kuamka. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Huko Marekani, Januari 2024, tume ya serikali ya biashara iliikataza X-Mode na Outlogic, kampuni iliyoirithi, kuuza habari za watu kufika mahali nyeti, kama vile hospitali na nyumba za ibada. Lakini sheria haiwezi kukaa zamu katika kila nyumba.

Kwa hivyo twawanasihi wenye majumba. Fungueni simu zenu na za watoto wenu, mtazame ni programu zipi mmezipa ruhusa ya kujua mlipo. Ya Sala iandikieni jina la mji, kisha iondoleeni ruhusa hiyo. Na atakayeleta programu ya msikiti au ya madrasa aulizwe mbele ya watu: majina na nambari zetu atazishika nani, na ataziuza kwa nani? Asiyeweza kujibu, asipewe. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na jina la Kiislamu juu ya programu ni mlango tu.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na wenzetu, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Amin.